Paka Aliyezaliwa Katika Nyundo

Majirani zangu wa Kamembe, na ninyi wa Mururu mnaoteremka kila asubuhi na ndizi zenu kichwani, leo niacheni niseme mimi. Mnanijua. Ni Védastine, mshona nguo, mwenye cherehani barazani mwa ile nyumba ya bluu, niliyelelewa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nikarudi nchi ya wazazi wangu nikiwa mtu mzima. Mnasema nina mdomo. Ni kweli ninao, na leo nitautumia.

Ng'ambo ya barabara, ukikaa kwenye kiti changu unaona moja kwa moja, ulikuwa ua wa Karim. Karim alitengeneza mbabula, haya majiko ya mkaa tuliyopikia sote tangu utoto. Alichukua mapipa ya chuma yaliyokwisha mafuta, akayakata, akayakunja na kuyagonga mpaka yakawa majiko. Alifanya kazi na mafundi wawili, watu wazima wenye wake na watoto. Mteja mgeni akija kwangu kupimwa nguo aliziba masikio. Sisi wa mtaa tulishazoea, tulipiga soga katikati ya nyundo kama vile hakuna kitu.

Katika ua huo aliishi paka aliyeitwa Shaba, kwa ajili ya rangi ya manyoya yake. Mama yake alimzaa ndani ya pipa tupu, mafundi wakiwa kazini, kwa hiyo nyundo aliijua kabla hajafumbua macho. Alikuwa akilala juu ya bati, jua likimpiga tumboni, nyundo zikishuka karibu kabisa na sharubu zake, wala hatikisi sikio. Watu walisimama barabarani kumshangaa. Mukundwa, binti wa pekee wa Karim, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, alimletea vichwa vya sambaza, dagaa wa ziwani, na kumsimulia mambo ya darasani. Nasiba, mama yake, alikaa mlangoni akipepeta mchele.

"Huyu paka ni fundi wangu wa tatu," Karim alipenda kusema. "Lakini yeye kazi hafanye, analalaka tu!"

Tukacheka sote. Nilikuwa nikikanyaga cherehani yangu na kusema moyoni kwamba hiyo ni nyumba yenye baraka. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nilikuwa nauona mlango.

Kisha gazi ikaingia mtaani. Leo jirani huyu kanunua jiko la gazi, kesho yule, na mbabula za Karim zikaanza kupangana ukutani na kushika kutu. Hakuna aliyemtukana. Lakini kila mtungi wa gazi uliopita barabarani juu ya pikipiki aliuona kama tusi, na usoni akaanza kukunjamana.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Karim hakuwa mlevi. Pombe hakuwahi kuionja. Sala tano alisali, na msikitini alisimama safu ya mbele. Ninasema hivyo kwa sababu sisi tumejizoesha kumtafuta mume mbaya kwenye baa peke yake, na asipokuwa huko tunasema hayupo.

Karim alianza kumpiga mkewe, na alichagua saa. Hakumpiga jioni, mtaa ukiwa umetulia. Alingoja kazi ichanganye, nyundo zote zikilia, halafu akaweka yake chini na kuwaambia mafundi, "Endeleeni." Wakaendelea. Yeye akaingia ndani na kufunga mlango. Nasiba hata angelia kwa sauti yake yote, nani angesikia?

Aliyetuambia ni Shaba.

Alasiri moja nilivuka barabara kumpelekea Nasiba kitambaa achague. Paka alikuwa amelala kwenye bati lake kama kawaida. Karim akaweka nyundo chini. Mafundi wawili walikuwa bado wanagonga, kelele ilikuwa ile ile, ila nyundo moja tu ilikuwa imekoma. Shaba akafumbua macho, na mboni zake zikapanuka mpaka weusi ukaimeza njano yote. Masikio yakalala nyuma, yakabanwa kichwani kama yamekandamizwa na mkono. Akashusha tumbo mpaka ardhini, mkia kaukunja chini yake, akateleza kando ya ukuta na kutokomea ndani ya pipa. Karim alipita pale pale akiingia nyumbani. Nikamwona Mukundwa akiacha daftari lake mchangani na kumfuata paka ndani ya pipa.

Nimefuga paka tangu Bukavu. Nilijua nilichokiona.

Nasiba alipokuja kwangu kupimwa gauni, nilimgusa bega kwa utepe wa kupimia, akajikunja kama aliyeguswa na pasi ya moto.

"Maman Mukundwa," nikamwambia, "ile paka yenu iko naogopa muntu."

"Aa, Védastine, paka ni paka." Alivuta mtandio ukafunika shavu. "Labda aliunguzwaka na moto wa ateliye, kule kwa mafundi."

"Moto hautembeake na miguu. Niambie ukweli, dada yangu."

"Unishonee gauni tu," akasema. "Mwenyezi Mungu anaona."

Nilikwenda kwa mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, nikamweleza. Akaja. Alimkuta Karim anatabasamu, akakaribishwa chai ya maziwa na andazi, akamuuliza Nasiba mbele ya mumewe kama kuna tatizo. Nasiba akasema hakuna. Mkuu akashukuru kwa chai na kurudi kwake. Nami nauliza, mgonjwa unamuuliza hali yake mbele ya ugonjwa wenyewe?

Mambo yakazidi. Shaba alishinda chini ya kitanda, akaacha kujilamba, manyoya yake mazuri yakashikamana mafundo mafundo. Kichwa cha sambaza alikinusa akakiacha. Karim akimkaribia, alisimama ubavu, mgongo kaukunja juu na nywele zote zimesimama, akitoa ile sauti ya mafuta kwenye kikaango. Wengine walimwona mkali. Paka wa namna hiyo hana ukali wowote, ana woga uliokosa pa kukimbilia. Na Ijumaa moja Karim alipochukua kanzu yake safi aende kusali, aliikuta imelowa mkojo wa paka.

Ndipo akaitwa shangazi Uwera, dada mkubwa wa Karim, mjane anayevuka kila siku daraja la mpakani la Rusizi ya pili kuuza vitenge Bukavu. Alimlea Karim baada ya wazazi wao kufa na alimpenda kuliko nafsi yake. Msimwone mwanamke mbaya. Mabaya mengi ya dunia hii yamefanywa na watu wanaopenda.

Alikaa uani, akamtazama paka aliyejibana kwenye pembe, akatikisa kichwa.

"Ile paka ilizaliwa mu nyundo," akasema. "Makelele haogopake. Moto haogopake. Hapa bantu banapita kila siku, hawaogopake. Sasa inaogopa nini? Inaona kitu. Kuna kitu, ni jini, kinamufuata ndugu yangu. Na ndiyo kitu kilifunga biashara yake."

Mafundi wakaitikia kwa vichwa, na majirani waliokuwa mlangoni wakasema vraiment, shangazi amesema kweli. Hata mimi, ningekuwa sikuona nilichoona, ningekubali. Hoja ilikuwa imesimama wima. Kosa lake lilikuwa moja: walidhani woga ni mambo ya kelele. Shaba hakuwahi kuogopa nyundo inayogonga. Aliogopa ile nyundo inayowekwa chini.

Mukundwa akatoka nyuma ya mama yake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Shangazi, Shaba haone jini. Anaogopa Papa. Na miye naogopa."

Nilimtazama Nasiba, nikamwomba Mungu amfungue mdomo aseme hata neno moja. Karim aliinama akaokota msumari usiokuwa na kazi. Shangazi Uwera akamwekea mtoto mkono kichwani, machozi yakimlengalenga.

"Munasikia?" akasema. "Kimeshaingia na mu mutoto."

Ndugu zangu, mtoto alisema ukweli mchana kweupe, mbele ya watu wazima waliojaa ua, na ukweli wake ukageuzwa ugonjwa. Mimi nilifungua huu mdomo wangu mnaousema, nikapayuka kwamba mtoto asikilizwe. Nikaambiwa, "Weye Mukristo, mambo ya majini huyajui." Wakanitoa nje.

Paka alitiwa guniani. Shangazi alimbeba katikati ya vitenge vyake juu ya pikipiki, akavuka naye daraja, kwa kuwa watu husema paka akivushwa maji hajui tena njia ya kwao. Mukundwa alifuata mpaka barabarani ameshika pembe ya gunia, na hakuna aliyemfukuza wala kumnyamazisha, maana hakuwa analia. Pikipiki ilipoondoka aliachia. Shaba akafunguliwa sokoni upande wa pili, katikati ya miguu ya watu asiowajua.

Mtoto naye akafanyiwa dawa. Alifukizwa ubani mpaka akakohoa. Shangazi akasema jini hukimbia chuma, basi wakawa wanamzungusha uani na kumgongea sahani na vifuniko vya sufuria kila upande wa kichwa. Alisimama katikati yao ameinamisha shingo, amefumba macho.

Baada ya hapo mkaaji wa chini ya kitanda akawa Mukundwa. Chakula alikigusa akakiacha. Godoro likaanza kulowa, naye alikuwa ameshaacha zamani. Akiitwa na baba yake alisimama palepale kama gogo, macho yamemtoka. Mwalimu wake alikuja kwangu kuchukua sketi, akaniambia kwamba darasani anakaa pembeni, mgongo ukutani, na hatoi sauti. "Ni mutoto mupole," akasema, akaridhika. Mtoto anayelia bado anaamini kuna mtu wa kumsikia. Ogopeni aliyenyamaza.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Nyundo zilikuwa zinalia. Nilikuwa napiga pindo la sare ya shule, nikaona Karim anaweka nyundo yake chini na mkono wake ukiwaashiria mafundi waendelee. Akaingia ndani. Mukundwa akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kwenye yale mapipa yaliyolazwa chini yakingoja kukatwa, akaingia katika lile alimozaliwa Shaba. Mimi mapipa hayo sikuyaona, yalikuwa nyuma ya rundo la mbabula zilizokosa mteja. Nayasema haya kwa kuwa yalisemwa baadaye, na kila aliyekuwapo.

Karim alitoka akifuta mikono. Fundi Muhigirwa, mmoja wa wale wawili, alikuwa ameshika pipa ili alivute, akasikia kitu kinakwaruza ndani. Akachungulia. Kutoka kwenye jua la namna ile, ndani aliona giza tu, na katika giza kitu kilichojikunja.

"Patron, kuna kitu mu pipa."

Karim akabadilika uso. "Ni Shaba," akasema. "Ile paka imerudi."

Paka aliyevushwa maji amerudi! Kwao huo ulikuwa ushahidi wa mwisho. Karim akaokota nyundo yake. "Pigeni!" akapiga kelele. "Jini linakimbiaka chuma! Pigeni, itoke!"

Wanaume watatu wakalizunguka pipa na kuligonga kwa nguvu zao zote. Mnajua sauti ya pipa tupu likigongwa, mnaisikia kutoka nje. Fikirini wenyewe kuhusu ndani. Nilisimama, nikaita kuuliza kulikoni, lakini katika ua wa Karim nani aliwahi kusikia sauti ya mtu? Waligonga, wakangoja paka aruke nje. Hakuruka. Wakagonga zaidi. Aliyewahi kufuga paka angewaambia kwamba kiumbe aliyeogopa kiasi hicho hatoki kwa kelele. Anarudi nyuma zaidi, anajikunja, ananyamaza.

Nilifika mlangoni mwa ua pamoja na Nasiba, yeye akitokea ndani, mimi nikitokea barabarani. Alikuwa hana mtandio. Mdomo wake ulikuwa umevimba na jicho moja limefumba, na kwa mara ya kwanza mtaa wote uliona.

"Mukundwa iko wapi?" akauliza. Akatazama nyuma ya nyumba, akatazama chini ya meza ya kazi, kisha akalitazama pipa. Nilimwona anaelewa. Alijitupa juu ya pipa lile kwa mwili wake mzima, na nyundo ya fundi mmoja ikamkosa kidogo tu.

Nyundo zikakoma. Sijawahi kusikia ua ule umenyamaza hivyo.

Karim akainua pipa upande mmoja, na kandambili ndogo ya bluu ikateleza ikaanguka miguuni pake. Nasiba akaingiza mikono akamtoa mwanawe. Alikuwa amejikunja, magoti kidevuni na mikono kichwani, nguo zake zimelowa. Macho yalikuwa wazi. Uzi mwembamba wa damu ulitoka sikioni ukashuka shingoni. Hakuwa analia.

"Mukundwa! Mutoto yangu! Mukundwa!" mama yake akamwitia sikioni.

Mtoto akamtazama midomo.

Hospitali walifanya waliloweza. Masikio yote mawili, daktari akasema, yameumia mno. Muuguzi alipomaliza na mtoto alimgeukia mama, akampeleka chumba cha peke yake, akafunga mlango na kumuuliza juu ya uso wake. Safari hii Nasiba alisema. Alisema yote, mpaka muuguzi mwenyewe akakaa chini. Karim alichukuliwa siku hiyo hiyo, akahukumiwa, akafungwa. Mafundi nao waliulizwa. "Tulikuwa tunajua," Muhigirwa alisema huku analia. "Alisema endeleeni, tukaendelea."

Shangazi Uwera alivuka daraja. Alizunguka soko lile la ng'ambo siku nyingi, mwanamke mzima amefunga kitenge kiunoni, anainama chini ya meza za watu akiita, "Shaba! Shaba!" Wenye meza walimdhania amerukwa na akili. Hakumpata.

Nasiba sasa anaishi Giheke kwa mama yake, analima na kushona. Cherehani nilimpa mimi, nami huenda kuwaona. Mukundwa bado huingia chini ya kitanda. Nasiba hamvuti. Anatandika mkeka karibu, anakaa ameugeuzia kitanda mgongo, anachambua maharage yake taratibu, hamtazami. Mukundwa ndiye aliyemfundisha, maana ndivyo yeye alivyokuwa akimtoa Shaba. Baada ya muda mkono mdogo unatokea, unashika upindo wa kitenge cha mama yake. Siku nyingine hautokei, na Nasiba anakaa tu.

Karim alipomaliza kifungo aliomba amwone mwanawe mara moja. Wazee wa pande zote mbili wakakubali, Nasiba akakubali, nami nilikuwepo. Alikuja amekonda, ndevu zimeingia mvi, ameshika mfukoni mwake kitu alichokitengeneza mwenyewe: paka mdogo wa bati, aliyesuguliwa mpaka akang'aa. Mukundwa alimwona kupitia dirisha, na kabla baba hajafika mlangoni mtoto alikuwa ameshatoweka.

Karim akalala kifudifudi sakafuni, mtu mzima yule, shavu kwenye udongo, akaunyoosha mkono chini ya kitanda.

"Mwache," Nasiba akasema. "Usimushike."

Akaurudisha mkono. Akamweka paka wa bati sakafuni. Kisha akaanza kuita, polepole, kwa sauti laini ambayo mimi jirani yake wa miaka yote sikuwahi kujua kama anayo. "Mukundwa. Mutoto yangu mudogo. Toka, usiogope. Papa haiko na kitu mu mukono. Mukundwa."

Aliita mpaka sauti ikakauka. Ilikuwa ndiyo sauti ambayo mtoto yule alihitaji kuisikia maisha yake yote, na ilikuja baada ya masikio kuondoka. Hakutoka. Karim alisimama, akajipangusa udongo, akaaga.

FUNZO

Majirani, kiumbe anayeogopa haji kukuambia kwamba anaogopa. Anajificha, anaacha kula, anajichafua, anatoa makucha kwa asiyemkosea, na mwisho ananyamaza. Sisi tunamwita mchafu, mkaidi, mwenye jini, au tukipenda ukimya wake, tunamwita mpole. Ukiona mnyama au mtoto katika hali hiyo, usiulize kwanza ana nini. Uliza anamwogopa nani.

Mtoto akisema naogopa, aaminiwe siku hiyo hiyo. Anayempiga mke hatambuliwi kwa pombe peke yake, yupo hata katika safu ya mbele. Mke asiulizwe mbele ya mumewe. Nawe uliyepigwa, usimfichie anayekupiga, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na pengine atakayeumbuka si wewe, ni mwanao.

Na ninyi mafundi, wafanyakazi, majirani mnaojua na kuambiwa endeleeni: siku hiyo, wekeni nyundo chini ninyi wote kwa pamoja, mtaa usikie.